Kitenzi cha Kiingereza “entice”: mwongozo kamili wa maana na matumizi yake

Mtu akitaka kueleza kwa Kiingereza kwamba muuza simu wa Mwembe Tayari alimshawishi mpaka akanunua simu asiyoihitaji, aghalabu huandika hivi: “The man seduced me to buy a phone.” Mwingereza akifika hapo husita, maana alichoelewa ni kwamba bwana yule alimtongoza mwandishi. Mwingine huandika “The man tempted me”, sentensi isiyo na kosa la sarufi, lakini inayomwacha msomaji na swali: je, ulinunua au hukununua? Kitenzi kilichohitajika ni “entice”. Wengi wetu tumewahi kukiona, wachache hukitumia, na wanaokitumia hukikosea kwa namna zilezile.

Shida inaanzia nyumbani. Sisi tuna kitenzi “kushawishi”, nacho tumekitwisha mizigo yote. Mgombea anashawishi wapiga kura, rafiki anamshawishi mwenzake avute bangi, tangazo linashawishi wanunuzi, wakili anamshawishi hakimu. Kwa Kiswahili hakuna anayepotea, kwa kuwa muktadha unasema kilichobaki. Kiingereza kimeugawa mzigo huo kwa vitenzi vingi, kila kimoja na kipande chake, na ukichukua kipande kisicho chako unasema jambo ambalo hukulikusudia.

Hapa Mombasa jambo hili lina uzito wake. Hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu huandika matangazo kwa Kiingereza kila msimu. Wanaoongoza wageni Fort Jesus na Mji wa Kale hujieleza kwa Kiingereza kutwa nzima. Wanafunzi wa sekondari huandika insha za Kiingereza zinazowapa alama au kuwanyima. Na wapo vijana wetu wanaoletewa mikataba ya kazi za Ghuba, kurasa na kurasa za Kiingereza, wakaambiwa watie sahihi. Hao wa mwisho ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika haya.

Hatua ya kwanza: shika maana, tafsiri itafuata

“Entice” ni kumvuta mtu afanye jambo, au aende mahali, kwa kumwonyesha au kumwahidi kitu kinachompendeza. Tazama kwamba maana hii ina pande nne: anayevuta, anayevutwa, kitu kinachoonyeshwa, na kule anakovutiwa mtu. Si lazima zote nne zitajwe katika kila sentensi, ila lazima uweze kuzitaja ukiulizwa. Upande mmoja ukikosekana kabisa, yamkini unahitaji kitenzi kingine.

Nenda Biashara Street asubuhi, simama kando ya duka la leso, uangalie. Mama mmoja anapita na mfuko wake, hana nia ya kununua. Muuzaji hamkimbilii. Anamwambia, “Karibu mama, angalia tu, kuangalia si kununua.” Huku anazungumza, mkono umeshavuta leso kutoka kwenye rafu, ameikunjua, ameitandaza juu ya meza mpaka pindo lote limeonekana, na mji wake katikati, na jina chini yake. Analisoma jina kwa sauti: “Wema hauozi.” Hajasema leso ni nzuri wala hajataja bei. Mama anasogea, ananyoosha vidole kupapasa kitambaa. Hapo ndipo “entice” ilipo: “The seller enticed her into the shop.”

Endelea kuangalia. Muuzaji akianza kueleza kwamba rangi haichuji, kwamba pamba yake ni nzito kuliko ya duka la pili, ametoka kwenye “entice” na kuingia kwenye “persuade”, kwa sababu sasa anatumia hoja. Mama akisema ni ghali na kugeuka, naye akamwita, “Rudi basi mama, ukichukua mbili nakupunguzia,” amerudi palepale pa kwanza: “He enticed her back with a discount.” Na ikiwa anamwapia kwamba ni pamba tupu hali anajua fika kwamba ni polista, basi anamdanganya, na Kiingereza kitasema “deceive”. Mtu yuleyule, meza ileile, dakika tano tu, na vitenzi vimebadilika mara tatu. Ukiweza kuitazama biashara kwa jicho hilo, nusu ya mwongozo huu umeshaumaliza.

Jambo jingine la kushika hapa ni kwamba “entice” chenyewe hakihukumu. Mama anaweza kwenda zake na leso nzuri kwa bei nzuri, akafurahi. Anaweza pia kuwa amepunjwa. Kitenzi kinasema amevutwa, na uzuri au ubaya wa mvuto huo hujulikana kwa maneno mengine yaliyomo katika sentensi.

Wachunguzi wa asili ya maneno hukirudisha kitenzi hiki kwenye Kifaransa cha kale, ambako kilikuwa na maana ya kuchochea, na wengi wao hukifikisha kwenye neno la Kilatini “titio”, yaani kijinga cha moto. Anayechochea kuni haumbi moto mpya. Anauamsha uliokuwepo chini ya majivu. Ndivyo kitenzi hiki kinavyofanya kazi hadi leo: huwezi kumvuta mtu hivi kwa kitu asichokitamani.

Hatua ya pili: litamke sawasawa

Litamke “in-TAIS”. Liishie kwenye “s” kavu, bila kuongeza irabu mwisho. Ulimi wetu hupenda kulifanya “entaisi”.

Mtego mkubwa uko kwenye herufi za mwisho. Maneno mengi ya Kiingereza tunayoyajua yanayoishia na “ice” hutamkwa “is”: “office”, “notice”, “practice”, “justice”. Kwa hiyo mtu akikutana na “entice” kwenye kitabu, husoma “entis”. Sivyo. Hili liko upande wa “price”, “advice” na “twice”. Likumbuke kwa “price”, kwa kuwa mara nyingi bei ndiyo inayovuta.

Mkazo nao uangalie. Kwa Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lenye silabi mbili tunalikaza mwanzoni bila kufikiri. Hapa mkazo unakwenda mwisho. Maumbo mengine ni “entices”, linalotamkwa in-TAI-siz, “enticed”, in-TAIST, na “enticing”, in-TAI-sing. Unapoandika “enticing” unaiondoa herufi “e”, na unapoandika “enticement” unaiacha mahali pake.

Hatua ya tatu: jenga sentensi

Hapa ndipo alama hupotea, kwa hiyo tusikimbie.

Kanuni ya kwanza: yambwa ya “entice” ni yule anayevutwa, naye ni mtu, kundi la watu, au mnyama. Unasema “entice customers”, “entice a child”, “entice the cat”. Husemi “he enticed the phone to me”. Simu haivutwi, simu ndiyo inayovutia. Na yambwa hiyo usiiache. “The smell enticed” inaning’inia, msomaji anangoja kuambiwa ilimvuta nani.

Baada ya yambwa, una njia kadhaa za kuendelea. Ya kwanza na rahisi ni “to” pamoja na kitenzi katika umbo lake la asili. Jioni kule Lighthouse, kwenye barabara ya Mama Ngina, mihogo inachomwa kando ya bahari, inapakwa ndimu na pilipili: “The smell of roasted cassava enticed us to stop.” Harufu ya mihogo ilituvuta tukasimama. Tazama makosa matatu yanayozaliwa na sentensi hii. Wa kwanza ataandika “enticed us for stopping”. Wa pili, “enticed us that we stop”. Wa tatu, “enticed us so that we can stop”. Hao wawili wa mwisho wanatembeza sarufi ya Kiswahili ndani ya Kiingereza, kwa kuwa sisi husema “alinishawishi kwamba”, “alinishawishi ili ni...”. Kitenzi “entice” hakikubali “that” baada ya mtu. Ukihisi “that” inakuja, izuie, weka “to”.

Njia ya pili ni “into” pamoja na kitenzi chenye “-ing”: “They enticed him into signing a contract he had not read.” Walimvuta mpaka akatia sahihi mkataba asiousoma. Sarufi ya njia hizi mbili ni sawa kwa usahihi, lakini ladha zao zinatofautiana. Ukisema “to sign”, unaeleza tu alichofanya. Ukisema “into signing”, unamwonyesha mtu ameshaingia ndani ya jambo, na mara nyingi msomaji atahisi kuna mtego. Kwa hiyo ukiandika habari ya mtu aliyetapeliwa, “into” ndiyo inayokufaa. Ukiandika habari ya watoto waliovutwa na vitabu vya picha wakapenda kusoma, “to read” ni bora zaidi. “Into” pia huja na mahali badala ya kitenzi: “entice shoppers into the shop”.

Kisha kuna kifaa cha kuvutia. Ikiwa mtu ndiye anayevuta, kifaa chake kinafuata “with”: “The hotel enticed guests with free breakfast.” Kauli ikigeuka kuwa ya kutendwa, anayevuta au kinachovuta kinafuata “by”: “She was enticed by the salary.” Wanafunzi huchanganya hivi viwili mara kwa mara. Jiulize hivi: kitu hiki kiko mkononi mwa mtu aliyetajwa? Basi “with”. Kitu chenyewe ndicho kilichofanya kazi ya kuvuta? Basi “by”. Na ukitaka kueleza kitendo alichofanya mvutaji, tumia “by” na “-ing”: “They enticed her by offering a free ticket.”

Mwisho kuna vielekezi vya mwendo, navyo ndivyo vinavyoipa sentensi uhai. “Away” ni kumvuta mtu aache alipokuwa: “A rival hotel enticed the chef away.” Anayefahamu kazi ya hoteli za pwani anajua jinsi mpishi hodari anavyogombaniwa, na sentensi hii fupi inaeleza yote. “Back” ni kumrudisha, kama yule mama wa leso. “Out of” ni kumtoa: “We enticed the cat out of the ceiling with a piece of fish.”

Hatua ya nne: sema kama alikubali au alikataa

Turudi kwa tofauti niliyoigusa mwanzoni. Ukiandika “He enticed me to buy a phone”, msomaji ataelewa kwamba ulinunua. Ukiandika “He enticed me into buying a phone”, ameelewa hivyo bila shaka yoyote, na ukiongeza “but I did not buy it” umejipinga mwenyewe. Kwa Kiswahili tunaweza kusema “alinishawishi sana, lakini nilikataa” na hakuna tatizo. Kwa Kiingereza, mvuto ulioshindwa unahitaji “tried to”: “He tried to entice me, but I refused.”

Basi kila unapotafsiri “alinishawishi”, simama kwanza ujiulize mwisho wa kisa. Nimeona insha nzuri, yenye msamiati wa kutosha, ikiharibika katika aya moja kwa sababu mhusika amekubali katika mstari wa tatu na kukataa katika mstari wa tano.

Hatua ya tano: mtenge na ndugu zake

“Tempt” ndicho kinachofanana nacho zaidi, na ndicho chenye mengi ya kusemwa. Asili yake ni Kilatini “temptare”, kujaribu, kupima. Ndiyo maana sala ile ambayo kwa Kiswahili husema “usitutie majaribuni”, kwa Kiingereza husema “lead us not into temptation”. “Tempt” humtazama mtu kwa ndani: anataka, na papo hapo ana sababu ya kutotaka. Vita viko moyoni mwake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika waraka wa Yakobo 1:14, imeviweka vitenzi vyote viwili ndani ya sentensi moja: mtu ni “tempted” pale anapokuwa “drawn away of his own lust, and enticed”. Jaribu ndilo hali yote, na kuvutwa ndiko njia ya kulifikia.

Fikiria mwezi wa Ramadhani, saa kumi na moja jioni. Mtu amefunga, anapita mahali ambapo viazi karai vinaepuliwa kwenye mafuta, mvuke unapanda, na bakuli la ukwaju liko kando. Yule mkaangaji hamwiti mtu, anajiandaa kwa wateja wa futari. Mfungaji anameza mate na kupita zake. Kiingereza chake ni “He was tempted”. Huwezi kusema mkaangaji “enticed him”, kwa sababu hakuna aliyekusudia kumvuta, na isitoshe hakuvutika. “Tempted” kinatosheka na hisia peke yake. “Enticed” kinataka mtu asogee.

“Tempt” kina matumizi mengine ambayo wahudumu wa hoteli watayakuta. Mgeni Mwingereza akimkaribisha mwenzake chakula husema “Can I tempt you to another piece?” Ni adabu tu, kama sisi tunavyosema “ongeza kidogo basi”. Na mtu akijibu “I’m tempted”, hajakubali wala hajakataa. Usiondoe sahani.

“Seduce” ukiweke mbali. Mtu akiwa ndiye yambwa na mtu mwingine ndiye anayetenda, msomaji wa kwanza na wa mwisho ataelewa mambo ya kimapenzi. Kinakubalika kwa kitu kisicho mtu, hasa katika kauli ya kutendwa, kama “seduced by the low price”, lakini anayejifunza hana haja ya kujihatarisha. “Enticed by the low price” inasema lilelile kwa usalama.

“Attract” hakihitaji nia. Maua huvutia nyuki bila kukusudia. Mji wa Kale unavutia wageni kwa sababu ni mji wa kale: “The Old Town attracts visitors.” Hoteli ikipunguza bei wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni wageni wanapoadimika, hapo kuna nia na kuna kitu kinachonyooshwa mbele ya mtu: “The hotel cut its rates to entice families to the coast during the rains.”

“Coax” ni kubembeleza, kwa upole na subira: mtoto anayekataa dawa, mbuzi asiyetaka kupanda mkokoteni. “Tantalize” kinatokana na Tantalus wa hadithi za Wayunani, aliyesimamishwa majini chini ya mti wa matunda, akiinama maji yakishuka, akinyoosha mkono matawi yakipanda. Hicho ni kumrusha mtu roho kwa kitu asichoweza kukipata.

Nimekiacha “lure” makusudi, kwa kuwa kinahitaji nafasi yake.

Hatua ya sita: jua “entice” kinapoishia na “lure” kinapoanza

“Lure” kimetoka kwa wafugaji wa mwewe wa kuwindia huko Ulaya. Walikuwa na fungu la manyoya lililofungwa mfano wa ndege, wakilizungusha hewani ili mwewe arudi akidhani ni windo. Baadaye neno likaingia kwenye uvuvi kwa maana ya chambo cha bandia. Kwa hiyo ndani ya “lure” mna udanganyifu, na mara nyingi mna hatari mwishoni mwake. Magazeti yetu ya Kiingereza hukitumia yanapoeleza wasichana waliopelekwa Ghuba kwa ahadi za kazi: “lured with promises of well-paid jobs”. Mwandishi akiandika “lured”, anakwambia kwamba ahadi ilikuwa ya uongo. Akiandika “enticed”, anasema tu kwamba ahadi ilivutia, na ukweli wake bado haujaamuliwa. Mwandishi wa habari anayeandika kisa ambacho hakijathibitishwa anapaswa kuipima tofauti hii, maana “lured” kimeshamtia mtu hatiani.

Sasa geuza upande, uwe msomaji. Wakala hataandika “we want to entice you” kwenye tangazo lake. Ataandika “attractive salary” au “attractive package”. Maneno hayo hayana kiasi ndani yake. Mshahara unaovutia ni shilingi ngapi, riyali ngapi? Kwa mwezi? Kabla ya makato au baada yake? Ukikuta kivumishi mahali palipotakiwa tarakimu, zungushia duara kwa kalamu, kisha uulize. Tafuta pia jina la mwajiri, saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani analipa nauli ya kurudi. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ina orodha ya mawakala walioandikishwa. Linganisha jina lililo kwenye tangazo na lililo kwenye orodha, herufi kwa herufi. Haya si mambo ya sarufi, najua, lakini mtu anayejifunza Kiingereza kwa ajili ya kusoma mkataba ameshajifunza kwa ajili ya haya.

“Entice” kimo pia kwenye sheria zetu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 174, kinachohusu wizi wa watoto walio chini ya miaka 14, kinamtaja yule ambaye kwa nguvu au kwa hila “takes or entices away” mtoto kutoka kwa mzazi au mlezi wake. Kwa lugha hiyo, si lazima mtoto abebwe. Aliyemwita kwa peremende akamfuata kwa miguu yake mwenyewe anaingia humo pia. Uingereza, zamani mume aliweza kumshtaki mtu mwingine kwa kosa la kumvuta mke wake aiache nyumba, na jina la shauri hilo lilikuwa “enticement”. Bunge lao likaifuta haki hiyo mwaka 1970. Kwa hiyo ukilikuta neno hili kwenye hati ya mahakama, usilisome kama lililo kwenye tangazo la hoteli.

Hatua ya saba: “enticing”, “enticement”, na mahali pa kuvitumia

“Enticing” ni kivumishi cha kitu kinachovutia, na “enticed” ni cha mtu aliyevutwa. “The offer is enticing.” “I was enticed by the offer.” Ukiandika “I am enticing”, umejisifu kwamba wewe ndiwe mwenye mvuto. Kosa hili ni pacha wa “I am boring” ya mtu aliyetaka kusema amechoshwa, na dawa yake ni moja: “-ing” kwa chanzo, “-ed” kwa aliyefikwa. “Enticement” ni kishawishi chenyewe, kama punguzo la bei, chai ya bure, au tiketi.

Kuhusu mahali pa kukitumia, “entice” ni cha maandishi zaidi kuliko mazungumzo. Kinafaa kwenye insha, ripoti ya mauzo, na makala ya gazeti. Kwenye baraza au kwenye matatu, Mwingereza mwenyewe angesema “get”: “They got me to buy it.”

Na jambo hili wanaoandika matangazo wa hoteli na kampuni za utalii walishike sana: kitenzi hiki kinasemwa juu ya mteja, hakisemwi mbele ya mteja. Kwenye mkutano wa ofisini unaweza kusema “We need to entice more families in May”, na ni Kiingereza safi. Ukimwandikia mgeni “We entice you to visit our hotel”, umemwambia waziwazi kwamba unamtegea. Mwandikie “We would love to welcome you”, kisha umwonyeshe hicho kitu chenyewe: chumba kinachotazama bahari, samaki wa kupaka, bei ya wenyeji. Mvuto uwe kwenye picha na kwenye bei, na kitenzi kibaki ofisini.

Hatua ya nane: jipime

Tafsiri sentensi hizi kabla ya kuangalia majibu. Funika upande wa chini kwa karatasi ukitaka.

Moja: Harufu ya pilau ilinitamanisha nile tena, lakini nilijizuia. Mbili: Mkahawa ule hutoa chai ya bure ili kuvuta wateja. Tatu: Aliitwa Mtwapa kwa ahadi ya kazi ya uongo, akaibiwa. Nne: Fort Jesus huvutia wageni kutoka kila pembe ya dunia. Tano: Nilimbembeleza mtoto mpaka akameza dawa. Sita: Wakala alinishawishi kwa tiketi ya bure nikakataa. Saba: Shule jirani ilimvuta mwalimu wetu wa hesabu kwa mshahara mkubwa, akahama.

Majibu yangu ni haya. Ya kwanza, “The smell of pilau tempted me to eat again, but I held back”, kwa kuwa vita vilikuwa ndani na hukula. Ya pili, “The café offers free tea to entice customers”. Ya tatu, “He was lured to Mtwapa with the false promise of a job and robbed”. Ya nne, “Fort Jesus attracts visitors from all over the world”. Ngome haina nia ya kumvuta mtu. Ya tano, “I coaxed the child into swallowing the medicine”. Ya sita, “The agent tried to entice me with a free ticket, but I refused”. Ukisahau “tried to”, umeshasafiri. Ya saba, “A neighbouring school enticed our maths teacher away with a bigger salary”. Kama hukutaka kuitaja shule hiyo, ndani ya barua ya wazazi kwa mfano, geuza kauli: “Our maths teacher was enticed away by a bigger salary.” Tazama jinsi “with” ilivyogeuka kuwa “by”, kwa sababu mwenye mkono ameondoka kwenye sentensi na mshahara umebaki peke yake.